Magari ya mbio ya zamani: maswali tunayoulizwa kila mara hapa Mwanza

Egesha gari la zamani kando ya barabara hapa Mwanza uone. Kabla hujafunga mlango keshafika bodaboda, muuza karanga, na mzee mmoja aliyewahi kuendesha Peugeot ya serikali enzi hizo. Maswali yao hayatofautiani sana na ya vijana wanaotuandikia usiku baada ya kuangalia video za mbio za Ulaya, kwa hiyo tumeyaweka pamoja. Majibu mengine ni marefu kwa kuwa mambo yenyewe ni marefu. Mwenye haraka aruke.

Gari likiwa na umri gani ndiyo linaitwa gari la mbio la zamani?

Umri peke yake hautoshi. Linalotakiwa ni gari ambalo aina yake ilishindana enzi zake, na liwe bado katika hali ile ile ya enzi hizo. Shirikisho la magari duniani, FIA, limeikata historia nzima vipande na kuvipa herufi. A ni magari ya kabla ya 1905, B ni 1905 hadi 1918, C ni 1919 hadi 1930, D inaishia 1946, E inaishia 1961, F ni 1962 hadi 1965, G inafika 1971, H inafika 1976, halafu zinafuata I na J. Gari linaloshindana kimataifa hupewa pasipoti yake ya kiufundi, yenye picha na vipimo vya injini, breki, magurudumu na kila kitu. Mkaguzi akikuta umefunga breki za diski mahali ambapo mwaka ule zilikuwa drum, siku yako imeishia hapo.

Waingereza wana ukali wa ziada. Klabu yao ya Vintage Sports-Car Club, iliyoanzishwa 1934, huhesabu gari kuwa la enzi hasa likiwa limetengenezwa kabla ya 1931. Kwa watu hao Porsche ya 1973 bado inanyonya.

Corolla ya marehemu baba ya mwaka 1980 imo?

Ni gari la zamani, ndiyo, na usiliuze. Kuhusu mbio, soma lile swali la gari la kuanzia.

Hivi wanashindana kweli, au wanazunguka tu watu wapige picha?

Inategemea umekwenda wapi. Kuna maonyesho ya urembo ambako gari hupakuliwa kwenye lori, linafutwa hadi ndani ya tundu la ekzosi, na halitembei zaidi ya mita mia. Hayo tuyaache, maana sisi hayatupi usingizi mbaya wala mzuri.

Mbio za kweli zipo. Goodwood Revival huko kusini mwa Uingereza hufanyika kila Septemba tangu 1998, kwenye saketi iliyotumika kwa mbio kati ya 1948 na 1966. Pale dereva anafukuza ushindi, magari yanagusana bampa kwa bampa na mengine yanarudi nyumbani yakiwa yamekunjamana. Watazamaji nao wanavaa nguo za enzi hizo, suti na kofia, vitenge vyao vya miaka ya hamsini tuseme. Monaco wana mbio zao za magari ya kihistoria tangu 1997, kwenye mitaa ile ile ya Formula One, na Le Mans wana zao tangu 2002. Marekani ipo Laguna Seca, California, ambako mikutano ya magari ya kihistoria ilianza 1974, penye kona maarufu inayodondoka kushoto na kulia kama ngazi za nyumba ya ghorofa.

Halafu kuna mashindano ya kushika muda, ambayo wengi hawayaelewi na ndiyo yanayotufaa zaidi sisi wa kanda ya ziwa. Mille Miglia ya Italia ni mfano mkubwa. Kati ya 1927 na 1957 ilikuwa mbio kamili ya barabarani, kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, kama kilomita 1,600. Mwaka 1955 Stirling Moss, akiwa na Denis Jenkinson wa kumsomea njia, aliimaliza katika Mercedes-Benz 300 SLR kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48, wastani wa zaidi ya kilomita 157 kwa saa. Barabara zilikuwa za kawaida, zenye madaraja, makanisa na watu wamesimama ukingoni. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa gari lao, 722, ilikuwa saa yao ya kuondoka: saa moja na dakika 22 asubuhi. Miaka miwili baadaye gari la Alfonso de Portago lilipasuka tairi na kuingia kwa watazamaji. Yeye na mwenzake walikufa, pamoja na watazamaji tisa, watano wakiwa watoto. Mbio zikafungwa.

Zilipofufuliwa 1977 zilikuja kwa sura nyingine. Sasa unapewa kipande cha barabara na muda wa kukimaliza, na kwenye mstari kuna mpira wa hewa uliolazwa chini unaonasa tairi lako kwa sehemu ya mia ya sekunde. Ukiwahi umekosea, ukichelewa umekosea. Gari linalokubaliwa ni la aina iliyoshiriki kati ya 1927 na 1957 tu.

Kwa nini mtu aingize gari la mabilioni kwenye mbio? Si alifungie ndani?

Hili tunaulizwa na akina mama zaidi, na ni swali la haki. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964. Moja iliuzwa mnadani 2018 kwa dola milioni 48.4. Mercedes-Benz 300 SLR ya aina ya kupee, ndugu wa ile ya Moss, iliuzwa 2022 kwa euro milioni 135. Na bado zipo GTO zinazoletwa Goodwood na kuteleza kwenye kona, mvua inanyesha.

Sababu ya kwanza ni ya kifundi. Injini iliyokaa miaka bila kuwaka huharibika kuliko inayokimbizwa. Sili zinakauka na kupasuka, petroli inaganda ndani ya kabureta, kutu inaingia kwenye silinda ambazo vali zake zimebaki wazi, na maji ya breki yanavuta unyevu hadi pistoni zinanata. Sababu ya pili ni kwamba thamani ya gari la mbio imo kwenye mbio lilizokimbia. Likifungiwa, kinachobaki ni chuma chenye rangi nyekundu. Matajiri wengi wanalifungia hivyo hivyo, na hapo hatuna ushawishi.

Afrika Mashariki tunahusika vipi? Si mambo ya Wazungu haya?

Hapa tukae kidogo.

Mwaka 1953, kuanzia mwisho wa Mei, yalifanyika mashindano ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Yaliitwa Coronation Safari. Magari yaligawanywa kwa bei yake ya dukani, hakukuwa na mshindi wa jumla. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na 1974 yakawa Safari Rally. Ndiyo mashindano yaliyoifundisha dunia kwamba gari likishinda Ulaya bado halijashinda kitu.

Utaratibu wake wa zamani ulikuwa tofauti na rali za leo. Hakukuwa na vipande vifupi vya kukimbia peke yako huku barabara imefungwa. Ulipewa muda wa kutoka kituo hadi kituo, muda wenyewe hautekelezeki, na kila dakika uliyochelewa iliandikwa kama adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye bingwa. Barabara ilikuwa wazi, kwa hiyo mbele yako kulikuwa na basi, ng'ombe, lori la pamba lililokwama, na mvua za masika, kwa sababu walikuwa wanakimbia wakati wa Pasaka makusudi. Mwaka 1963 na tena 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu kila mwaka. Miaka yote miwili alishinda Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, katika Peugeot 404.

Katikati yake, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, naye pia katika Peugeot 404. Shankland alikuwa Mskochi aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Tanzania. Vijana wengi hapa hawajawahi kulisikia jina hilo, wakati wanaweza kukutajia madereva wote wa Formula One na tarehe zao za kuzaliwa.

Mkenya Joginder Singh alishinda 1965 akiwa na kaka mdogo wake Jaswant, katika Volvo PV544 ambayo ilikwisha kutumika kwenye mashindano kabla ya kufika mikononi mwao. Akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ule wa 1973 alilingana adhabu na Harry Källström wa Sweden, wote kwenye Datsun, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu. Hadi 1972 hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyewahi kushinda. Aliyevunja mwiko ni Hannu Mikkola wa Finland, kwa Ford Escort. Kwa hiyo ukiambiwa ni mambo ya Wazungu, mjibu kwamba Wazungu waliokuja kutoka Ulaya walihangaika karibu miaka ishirini.

Safari Classic ni ile ile Safari Rally?

Hapana. Safari Rally ya magari mapya imo kwenye ubingwa wa dunia. Ilitoka baada ya 2002 na kurudi 2021, makao yake yakiwa Naivasha. East African Safari Classic ni ya magari ya zamani. Ilianza 2003, miaka hamsini tangu ile ya kwanza, na desturi yake ni kila baada ya miaka miwili. Magari ni ya kusukumwa na tairi mbili, hayana tabo, na yanakimbia kwa siku nyingi kwenye vumbi la Kenya, na baadhi ya miaka njia imeingia kaskazini mwa Tanzania.

Tunaloulizwa zaidi kuhusu hiyo Classic ni kwa nini kumejaa Porsche 911. Jibu lina utamu wake. Porsche haikuwahi kushinda Safari ya enzi zile. Ilikuwa ya pili 1972, ya pili 1974, ya pili tena 1978. Ile ya 1974 iliendeshwa na Björn Waldegård wa Sweden, akashindwa na Joginder Singh na Lancer yake ndogo. Waldegård baadaye aliishinda Safari mara nne kwa Ford na Toyota, lakini kwa Porsche, bado. Mwaka 2011, akiwa na miaka 68, alirudi kwenye Classic na 911, na aliyekaa kiti cha pembeni kumsomea njia ni mwanawe Mathias. Wakashinda. Alifariki 2014. Kuanzia hapo Porsche hazikukosekana tena: 2015 alishinda Stig Blomqvist, naye Mswidi, naye kwa 911.

Wakenya hawakukaa kimya. Ian Duncan alishinda 2009 na Ford Mustang, kisha 2013 na Ford Capri, na tangu siku hiyo kuna jirani yetu wa Capri Point anayedai mtaa wake una hisa katika ushindi huo.

Nikitaka kwenda kuangalia kutoka Mwanza, nafanyaje?

Barabara ni Magu, Lamadi, Bunda, kisha Tarime hadi Sirari, unavuka Isebania. Kituo cha mpaka ni kimoja kwa nchi zote mbili, kwa hiyo unashughulikiwa mahali pamoja. Wewe utahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Gari lako lahitaji kadi yake halisi ya usajili, bima ya COMESA na kibali cha muda cha kuingia Kenya. Kama gari si la jina lako, beba barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili, vinginevyo utakaa pale hadi magari yote yamalize.

Kati ya Magu na Bunda tochi za trafiki ni nyingi na zina subira. Usijifanye Shekhar Mehta.

Ukifika njiani, kanuni ni chache. Usisimame upande wa nje wa kona, maana gari likikosa breki huko ndiko linakokwenda. Simama juu ya kitu, kichuguu au ukingo, na uwe na njia ya kukimbilia nyuma yako. Angalia upepo unavuma kwenda wapi: ukiwa upande wa vumbi hutaona gari la pili hadi limekufikia. Mtoto mshike mkono. Na ukiwakuta wafugaji wanavusha ng'ombe, wasaidie kuwaharakisha, kwa sababu dereva anayekuja hajui.

Kuna mbio za magari ya zamani hapa Mwanza?

Saketi ya lami ya mbio hatuna. Kukimbizana barabarani ni kosa la jinai na ni upumbavu. Barabara ya Airport usiku si saketi.

Tunachofanya sisi wachache ni mazoezi ya kushika muda, na gari lolote linaweza, hata Probox. Tuseme mnaanzia Kisesa kuelekea Magu, kilomita 30, wastani wa kilomita 45 kwa saa. Hiyo ni dakika 40 kamili. Msoma ramani ana saa mkononi na karatasi yenye mahesabu: kilomita ya 10 lazima ipite kwenye dakika 13 na sekunde 20, ya 15 kwenye dakika 20. Inasikika rahisi. Sasa weka matuta, weka mnada wa ng'ombe, weka daladala inayosimama bila taarifa, weka kijiji cha 50. Ukipoteza sekunde 40 huruhusiwi kuzirudisha kwa kuvunja sheria, unazirudisha kidogo kidogo kwa kilomita kadhaa, huku mwenzako anakusomea: "Nyuma kumi na mbili. Nyuma tisa. Punguza, umezidi." Mtu amejificha chini ya mwembe mahali msipopajua, ana saa yake. Kila sekunde ya kuchelewa ni pointi moja ya adhabu, na ukiwahi ni mbili. Ndoa kadhaa zimepimwa humo.

Mkiwa zaidi ya magari mawili matatu, mtaarifuni trafiki mapema na mpate kibali. Mkifanya kwa siri mtaharibu jina la wote.

Gari gani nianze nalo?

Maoni yetu, na wengine watapinga: Datsun 1200 au 120Y, au Corolla za enzi hizo. Ni nyepesi, injini iko wazi unaona kila kitu, na mafundi wa mtaani wanazijua. Peugeot 504 ni imara kuliko zote na unakaa ndani kwa raha, ila si jepesi. Peugeot 404 lina heshima yake, lile lililoshinda Safari mara nne, lakini ukilipata likiwa na bodi nzima utakuwa umepata bahati. Volkswagen ya mgongo inafaa sana tope. Gari la michezo la Kiingereza la milango miwili? Mazuri kwa macho. Ukiwa na moyo wa kusubiri spea miezi, karibu.

Cha muhimu zaidi ni bodi. Injini hufufuliwa, giaboksi hufufuliwa, lakini bodi iliyooza chini ya mazulia itakumaliza. Inua kapeti, piga sakafu kwa mpini wa bisibisi, sikiliza. Paliposikika pofu pamezibwa kwa fila, ule udongo wa kujazia bodi.

Naweza kuagiza kutoka nje?

Tanzania unaweza, ila TRA hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu, na kadiri gari lilivyo kuukuu ndivyo unavyopanda. Fanya hesabu na wakala wa forodha kabla hujatuma hata senti. Kenya hawaruhusu magari ya kawaida yaliyozidi miaka minane, kwa hiyo usidhani utapitishia Mombasa na kusajili kwa shemeji.

Kwa nini gari langu la kabureta linakosa nguvu na kutoa moshi mweusi huku Mwanza, wakati Dar lilikuwa safi?

Kwa sababu umepanda. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya bahari, na mji uko hapo hapo na kuzidi. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo kila silinda inavuta oksijeni pungufu, lakini kabureta iliyowekwa kwa hewa ya pwani haijui hilo na inaendelea kumimina petroli ile ile. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinakuja nyeusi zenye masizi makavu. Nguvu yenyewe hupungua kama asilimia 1 kwa kila mita 100 unazopanda, hiyo huwezi kuidai. Mchanganyiko ndio unaoweza kuurekebisha: badili jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, kwa ndogo zaidi, hatua moja moja, endesha kwa nguvu kilomita chache, zima injini ukiwa kwenye mwendo, kisha fungua plagi uangalie. Rangi ya kahawia ya chai ya maziwa ndiyo unayoitafuta. Nyeupe ni hatari, rudi nyuma. Wanaokwenda Naivasha wanapanda tena hadi karibu mita 1,900, kwa hiyo wabebe jeti nyingine kwenye kopo.

Hapo pia ndipo pa kuangalia poenti, vile vigusano vya ndani ya distributa vinavyoamuru cheche ya plagi. Fundi mmoja wa Mabatini tunayempelekea magari hutoa kifuniko cha distributa, anageuza krenki kwa mkono hadi kidole cha poenti kiwe juu kabisa ya pembe ya shafti, anachomeka fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.4 na kuivuta. Inatakiwa ikwaruze kidogo, isikwame. Halafu hapimi tena: anawasha, anageuza distributa nywele moja huku na huku, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza redio ya jirani, na anakaza nati injini ikiwa bado inaimba. Kijana wake alikuwa pembeni na programu ya kupimia kwenye simu. Zilipishana kidogo sana, na gari likaenda vizuri kwa mpangilio wa mzee.

Petroli ya sasa inaua injini za zamani?

Kwa kiasi. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na risasi ile ilikuwa inalinda viti vya vali za ekzosi. Injini ya zamani ikikimbizwa sana viti hivyo huliwa, nafasi ya vali inapungua, na mwisho vali haifungi. Hedi ikifunguliwa kwa sababu yoyote ile, weka viti vigumu vipya na ulisahau jambo hilo. Kwa mwendo wa Jumapili hadi Usagara, usijitie hofu.

Nakala zinaruhusiwa? Mtu akitengeneza upya si bandia?

Ugomvi wa milele. Jaguar walipanga E-Type nyepesi 18 miaka ya 1960, wakatengeneza 12. Mwaka 2014 wakatangaza kuzimalizia sita zilizobaki, kiwanda kile kile, namba zile zile zilizoachwa. Ni za 1963 au za 2014? Kwenye mbio nyingi, gari lililotengenezwa upya kwa vipimo sahihi vya enzi huweza kupata pasipoti ya FIA, kwa kuwa pasipoti inathibitisha ufundi wa gari na haisemi ni la mwaka gani kwa kuzaliwa. Kwa bei, pengo ni mbingu na ardhi. Sisi tunaona hivi: nakala iendeshwe bila haya, ila mwenye nayo aseme mapema kabla hajaulizwa.

Wanawake wanashiriki?

Tangu zamani. Pat Moss, dada yake Stirling, pamoja na Ann Wisdom walishinda Liège–Rome–Liège ya 1960, rali iliyokuwa inaua magari, wakiwa na Austin-Healey 3000. Michèle Mouton wa Ufaransa alikuja Safari ya 1983 na Audi Quattro akawa wa tatu. Kwetu hapa msoma ramani hodari kuliko wote ni dada anayefanya hesabu za duka la jumla, na hakuna anayebishana naye kuhusu sekunde.

Vifaa gani vya usalama ni lazima?

Helmeti yenye kiwango, ovaroli isiyoshika moto, mikanda ya mabega, kizimba cha mabomba ya chuma ndani ya bodi, mtungi wa kuzimia moto. Magari ya kabla ya vita ya pili mengi hayana kizimba wala mikanda, na wanaoyaendesha wanajua wanachokifanya. Wewe usianzie huko.

Gari la babu limekaa bandani miaka mingi. Naanzia wapi kuliwasha?

Usigeuze ufunguo, na usiruhusu mtu alivute kwa kamba "lishtuke". Toa plagi zote. Mimina mafuta kidogo ya injini kwenye kila silinda, uache hadi kesho yake. Halafu weka spana kwenye puli ya krenki na ugeuze kwa mkono, taratibu. Likikataa, ongeza mafuta na usubiri siku nyingine. Nguvu zako zitavunja ringi. Likizunguka, mwaga oili ya zamani na ubadili filta. Tenki lishushwe lisafishwe, maana petroli ya zamani imeshakuwa gundi na itaziba kabureta siku ya kwanza. Angalia nyaya, panya wa banda wanazipenda. Mipira ya maji na ya breki badilisha yote hata kama inaonekana mizima, na silinda za breki za magurudumu zifunguliwe moja moja. Tairi za zamani zisitoke nje ya geti. Rejeta ipulizwe upepo kutoka nyuma kwenda mbele, hasa kama gari lilikaa karibu na maji, kwa kuwa wale wadudu wa ziwani hujazana kwenye matundu yake na kukauka humo. Ndipo ufunge betri. Mtu mmoja asimame na mtungi wa kuzimia moto mkononi, usiwe ndani ya buti.